Rimu za Gari Kwenye Trela la Boti: Kuingia Si Kufaa

Kwenye madiko ya pwani na mialo ya Ziwa Victoria si ajabu kukuta trela la boti ya faiba limesimama juu ya magurudumu yaliyotoka kwenye gari dogo la Kijapani. Sababu inaeleweka. Rimu hizo zipo kila gereji, bei yake ni nafuu, na likipasuka tairi moja utapata jingine siku hiyohiyo. Hakuna ubaya kutumia rimu za gari. Ubaya unaanzia pale gurudumu linapovishwa kwenye habu (kitovu cha ekseli chenye bolti), likaingia, nati zikakazwa, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Gurudumu linaweza kuingia vizuri kabisa na bado lisifae, kwa sababu ambazo hazionekani mpaka trela liwe barabarani na tani moja mgongoni.

Usianze na tairi. Anza na uzito.

Kwanza: uzito wote, kwa kilo

Andika kila kinachopanda juu ya trela, pamoja na trela lenyewe. Huu ni mfano wa boti ya faiba ya futi 18:

- mwili wa boti: kilo 450
- mashine ya hosipawa 60: kilo 110
- petroli lita 100: kilo 74 hivi
- nanga, betri, nyavu, sanduku la barafu na maboya ya kujiokolea: kilo 90
- trela: kilo 300

Jumla ni kilo 1,024. Kama trela lina ekseli moja, kila gurudumu linabeba 512. Ni kweli kwamba sehemu ya uzito, kwa kawaida asilimia 7 hadi 10, huangukia kwenye gari linalovuta, lakini usiipunguze kwenye hesabu. Mashimo ya barabarani yanakula nafuu hiyo yote. Badala yake ongeza asilimia 20 kwa ajili ya matuta na mzigo usiotarajiwa. Tunapata takriban kilo 615 kwa kila gurudumu, na namba hiyo ndiyo itakayotuongoza hadi mwisho.

Mzigo unaosahaulika kuliko wote ni maji ya ngama. Lita 100 za maji yaliyobaki chini ya sakafu ni kilo 100, na mvua ya usiku mmoja inatosha kuyaweka humo. Chomoa kizibo kabla ya kuanza safari. Kama kuna mizani ya malori karibu nawe, pitisha trela hapo likiwa limepakiwa kama linavyosafiri, uache kukisia.

Tairi: soma ubavuni

Chukua tairi lililoandikwa 195/65R15 91H. Ile 91 ndiyo namba ya mzigo. Namba hizi ni za kimataifa: 82 ni kilo 475, 88 ni 560, 91 ni 615, 95 ni 690, 102 ni 850 na 106 ni 950. Kwenye matairi ya magari ya mizigo midogo, yale yenye herufi C mwishoni mwa saizi, utakuta namba mbili, mfano 102/100. Ya kwanza ni ya tairi likifungwa peke yake, ya pili ni ya matairi pacha. Kwa trela letu soma ya kwanza.

Hapo 91 inaonekana kutimiza zile kilo 615 sawasawa. Haitimizi. Tairi la gari la abiria likihamia kwenye trela halibebi tena mzigo ulioandikwa. Viwango vya usalama vya Marekani vinaagiza uwezo wake ugawanywe kwa 1.10, na kanuni hiyo inafaa kufuatwa popote, kwa sababu tairi halijui liko nchi gani. Kilo 615 zinakuwa 559. Linabeba 512 za boti yetu ikiwa imetulia, lakini ile akiba ya asilimia 20 haitimii. Tairi la 175/70R13 82, linalopendwa kwa sababu ni dogo na boti inakaa chini, linashuka hadi kilo 432. Hilo halifai kwa mfano huu hata kwa safari fupi.

Kwa nini lipunguzwe? Ubavu wa tairi la gari la saluni, yaani gari dogo la abiria, ni laini, umetengenezwa ili abiria wastarehe. Trela halina abiria. Lina springi fupi, mara nyingi halina shokamzoba, mzigo wake uko juu, na tena hukaa wiki nzima limesimama na boti mgongoni, tairi likiwa limekandamizwa sehemu ileile. Ubavu laini ukipepea, trela linaanza kuyumba nyuma ya gari, na kuyumba kukishaanza kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa ni kazi ngumu kukuzuia. Kwa boti na trela vyenye jumla ya kilo elfu moja chagua tairi la C, kwa mfano 185R14C 102/100. Kilo zake 850 hazikatwi.

Upepo usifuate kibandiko cha mlango wa gari. Zile 30 au 33 psi ziliwekwa kwa ajili ya gari lile. Kwenye trela lenye mzigo kamili, tairi la abiria lijazwe 36 psi au zaidi bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, na tairi la C lijazwe hadi kiwango chake, ambacho kwa mengi ni 65 psi. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Valvu za mpira za kawaida zinaishia hapohapo kwenye 65 psi, kwa hiyo kwa matairi ya C weka valvu za chuma.

Mambo mawili mafupi. Usitie tyubu ndani ya tyubulesi: tyubu inasuguana na ngozi ya ndani, joto linapanda, na siku ikitoboka upepo unatoka wote mara moja badala ya kupungua polepole. Na angalia umri. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT uliochapwa ubavuni ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la trela huisha kwa jua kabla halijaisha kwa barabara. Likifika miaka sita libadilishe, hata kama kashata zake (meno yake) bado ni nzima.

Rimu ina uwezo wake pia

Hapa ndipo wengi waliochagua tairi sahihi wanapoharibu kazi. Tairi la C likivishwa kwenye rimu ya saluni, tairi linabeba kilo 850 lakini rimu haikuundwa kwa mzigo huo wala kwa upepo wa 65 psi. Hupasuka kuzunguka matundu ya bolti, au kwenye kona za matundu ya hewa, na ufa unaanza kama mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika. Ukiona mstari huo, tupa rimu. Usiipeleke kuchomelewa.

Rimu nyingi za aloi zina kilo zilizochapwa mgongoni. Za Kijapani zina alama ya JWL kwa magari ya abiria na JWL-T kwa malori na mabasi. Kwa tairi la C tafuta hiyo ya pili. Kama ni rimu ya chuma isiyo na maandishi, chukua iliyotoka kwenye pikapu au gari dogo la mizigo lililokuwa likitumia tairi la saizi hiyohiyo. Na kwa boti inayoingia maji ya chumvi, chuma ni bora kuliko aloi. Alumini ikigusana na habu ya chuma ndani ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na baada ya msimu mmoja rimu inaweza kung'ang'ania habu hadi itolewe kwa nyundo.

Matundu: pima kwa milimita

PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti. Kwenye habu ya bolti nne au sita, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayoitazama. Kwenye bolti tano hakuna inayotazamana na mwenzake, kwa hiyo pima kati ya mbili zilizo jirani, kisha zidisha kwa 1.701. Ukipata milimita 67.2, PCD ni 114.3. Ukipata 65.8, ni 112. Tofauti ni milimita moja na nusu tu, na futi ya fundi seremala haiwezi kuiona. Tumia vernia (kipimo cha chuma cha kubana).

Vipimo utakavyokutana navyo zaidi: Vitz na Passo ni 4x100 (bolti nne, PCD milimita 100), Premio ni 5x100, RAV4 na Harrier ni 5x114.3, Hilux na Prado ni 6x139.7. Habu za trela zilizoundwa kwa inchi za Kimarekani za 5x4.5 ni sawa na 5x114.3, na za 6x5.5 ni sawa na 6x139.7, kwa hiyo hizo zinakubaliana na rimu za Kijapani. Mtego uko kwenye bolti nne: inchi 4 ni milimita 101.6, wala si 100. Rimu ya Vitz itapanda kwenye habu hiyo ukiilazimisha kwa nati. Bolti zinapinda kidogo, nati inaonekana imekaza, lakini imeegemea upande mmoja. Kila mzunguko wa gurudumu unaipinda bolti na kuirudisha, hadi ikatike, na ikikatika moja zilizobaki hazikai muda mrefu.

Kanuni ni hii: nati zote ziingie kwa vidole mpaka rimu iguse habu. Kama ya mwisho inadai spana, rimu si ya habu hiyo. Usipanue matundu wala usitoboe mapya. Badilisha habu. Habu mbili mpya ni ghali kuliko kutoboa, lakini ndiyo tofauti ya kazi inayokaa na kazi inayosubiri siku yake.

Angalia pia tundu la katikati. Rimu za Toyota za bolti tano za 114.3 zina tundu la milimita 60.1, na za 5x100 zina 54.1. Habu ya trela inaweza kuwa na shingo nene kuliko hapo. Rimu ikikaa juu ya shingo badala ya uso wa habu, itakazika leo na kulegea kesho.

Ofseti, jambo linalosahaulika kuliko yote

Ofseti ni umbali kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Rimu nyingi za trela zina ofseti ya sifuri. Za magari ya siku hizi, hasa yanayovutwa na magurudumu ya mbele, zina chanya kubwa, kati ya +35 na +50, na mara nyingi imechapwa kwenye rimu: ET45 maana yake +45.

Kama haijaandikwa, laza rimu uso chini. Weka mti ulionyooka juu ya kingo za nyuma, pima kutoka mti hadi uso wa kukalia. Kisha pima upana wote wa rimu kutoka ukingo hadi ukingo, gawa kwa mbili, na uitoe kwenye kipimo cha kwanza. Rimu ya upana wa 6J, yaani inchi 6 pale tairi linapokaa, ina takriban milimita 177 kutoka ukingo hadi ukingo. Nusu yake ni 88.5. Kama kipimo cha kwanza ni 133.5, ofseti ni +45.

Sasa tazama maana yake. Tairi la upana wa milimita 195 kwenye rimu ya sifuri linaingia ndani milimita 97.5 kutoka uso wa habu. Kwenye rimu ya +45 linaingia 142.5. Springi au fremu ikiwa milimita 130 kutoka hapo, tairi linagusa kabla hujapakia. Ikiwa 150, halitagusa ukiwa uani, lakini kwenye kona ubavu utasogea na kuanza kukatwa upande wa ndani, ambako hakuna anayechungulia. Acha nafasi isiyopungua milimita 25 ndani, na milimita 75 juu hadi kwenye madigadi, boti ikiwa juu na tangi limejaa.

Kugusa ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine imo ndani ya habu. Habu ya trela imepangwa ili uzito ushuke katikati ya beringi zake mbili. Ukifunga rimu ya +45, uzito unahamia ndani, beringi ya ndani inabeba karibu yote na ya nje inabaki inachezacheza. Ukifunga rimu yenye ofseti hasi ili tairi likae mbali na fremu, unaibebesha ya nje, ambayo ndiyo ndogo. Kinyume chake pia ni kweli, na mafundi wanaounda trela kwa ekseli ya gari lililokatwa walizingatie hili: habu iliyozaliwa na rimu ya +45 inataka rimu ya +45. Ukiipa rimu ya trela ya sifuri, umesogeza mzigo milimita 45 nje.

Spesa na washa za kuongeza si dawa. Zinaacha uzi wa bolti mfupi. Dawa ni rimu yenye ofseti ya karibu na ile habu iliyotengenezewa, au ekseli ndefu zaidi.

Nati

Rimu nyingi za chuma zinataka nati ya koni ya nyuzi 60. Honda hutumia kikalio (mahali nati inapokaa kwenye rimu) cha mviringo kama mpira. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinazotoka kiwandani hutumia nati bapa yenye washa na shingo, na hizo hazifai kabisa kwenye habu ya trela isiyo na shingo ya kuikamata rimu, kwa sababu nati bapa haiwezi kuiweka rimu katikati. Koni ndiyo inayoweza.

Ukitaka uhakika, paka maka nyeusi kwenye uso wa nati, ikaze kwa mkono wa kawaida, ifungue. Alama kwenye kikalio iwe duara kamili na pana. Ukiona uzi mwembamba wa duara, au nusu duara, nati na rimu havikuumbwa pamoja.

Bolti za Toyota na Honda ni M12x1.5 (unene milimita 12, umbali kati ya uzi na uzi milimita 1.5), Nissan na Subaru ni M12x1.25, na habu za Kimarekani ni nusu inchi. Nati isiyo yake huingia mizunguko miwili kisha inakaba. Hesabu mizunguko tangu nati inaposhika uzi hadi inapogusa rimu: isipungue 8 kwa uzi wa 1.5, na 10 kwa 1.25 na nusu inchi.

Kufunga

Safisha uso wa habu na mgongo wa rimu mpaka chuma kionekane. Rangi nene au zinki iliyoganda hapo itabanwa na kupungua, na nati italegea bila mtu kuigusa. Kaza kwa kuruka, bolti hii kisha ya upande wa pili, kwanza nusu ya nguvu gurudumu likiwa hewani, kisha yote likiwa chini. Kwa M12 lenga kati ya niutoni-mita 100 na 110.

Huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Chukua spana yenye mpini wa nusu mita, uuweke ulale sambamba na ardhi, uning'inize ndoo ya lita 20 iliyojaa maji kwenye ncha. Hizo ni takriban niutoni-mita 103. Nati isipozunguka zaidi chini ya uzito huo, imetosha. Kusimama juu ya mpini kwa miguu miwili kunavuta bolti hadi inyooke kama mpira uliochoka.

Rudia kukaza baada ya kilomita 15, 40 na 80. Hili halina mbadala kwenye rimu iliyohamishwa.

Beringi na maji

Habu zilizofungwa kiwandani za magari ya kisasa hazikuundwa kuzamishwa baharini, na huwezi kuziongezea grisi. Kwenye trela la boti tumia habu ya beringi mbili za koni, zinazofunguka. Zifungashe kwa grisi ya baharini, usichanganye aina mbili. Kaza nati kubwa huku ukizungusha habu ili beringi zikae, ilegeze, kisha irudishe kwa vidole tu na utie pini. Gurudumu lichezee kwa mbali sana ukilitikisa, lizunguke bila kukwaruza.

Ukifika dikoni usilizamishe trela papo hapo. Habu yenye moto ikiingia maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Subiri dakika 20 hadi 30. Tumia muda huo kufungua kamba na kuandaa boti. Baada ya maji ya chumvi, osha rimu, nati na springi kwa maji yasiyo na chumvi, upande wa nyuma pia. Grisi ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia: fungua, safisha, weka sili mpya.

Na ukumbuke urefu. Kutoka 175/70R13 kwenda 185R14C boti inapanda karibu milimita 37. Kwenye mteremko wa moja kwa nane utarudi nyuma sentimita 30 zaidi ndipo ielee, kwa hiyo angalia eksozi ya gari lako iko wapi kabla ya siku ya kwanza.

Barabarani, simama baada ya dakika 20. Gusa kila habu kwa mgongo wa mkono: vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuacha mkono hapo beringi ina tatizo. Gusa tairi: lenye moto kuliko mwenzake lina upepo pungufu au linasugua mahali. Kisha inama na tochi uangalie ubavu wa ndani.